Futiresti Zipimwe Kwanza

Ndugu mafundi, ndugu waendeshaji, na nyinyi vijana mliokuja na picha za pikipiki kwenye simu, karibuni, na asanteni kwa kufika.

Ukipita karakana zinazounda pikipiki upya, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, utakuta kazi inafuata njia ileile. Tangi linapigwa rangi, kipande cha nyuma cha fremu kinakatwa na kuchomelewa kitanzi, siti inashonwa, egzosi inapindwa. Pikipiki ikishang'aa ndipo mtu anauliza: miguu je? Wakati huo imebaki nafasi ile tu ambayo egzosi imeiacha, na futiresti, yaani vile vyuma vya kukanyagia miguu, zinafungwa hapohapo. Mwenyewe anapiga picha, anasifiwa. Baada ya mwezi pikipiki iko kwenye kona ya banda, magoti yamegoma.

Leo nawaomba mgeuze utaratibu huo. Futiresti zipimwe fremu ikiwa tupu; siti, egzosi na usukani vifuate. Ukishaweka futiresti umeamua goti litakunjwa kiasi gani, viganja vitabeba uzito gani, pikipiki italala mpaka wapi kwenye kona, breki ya nyuma itashika vipi na gia itaingia vipi. Sijui kipande kingine cha bei ile kinachoamua mambo mengi hivyo.

Mfano wangu ni pikipiki yenye injini aina ya CG. Honda waliitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970, silinda moja, vali zinasukumwa kwa fimbo, na viwanda vya China vikaja kuiiga kwa wingi. Ndiyo sababu majina kwenye matangi ni mengi lakini injini ukiifungua unaijua. Nyingi zina drumu nyuma, breki ya rodi, kiki upande wa kulia, na futiresti za dereva zimekaa kwenye bomba moja linalopita chini ya injini. Mambo hayo manne yatatusumbua yote, moja baada ya jingine.

Kwanza tuelewane tunachagua kati ya nini na nini. Futiresti za kati ni zile za kiwandani. Za nyuma zilipata umaarufu Uingereza miaka ya 1950 na 1960, kwa vijana waliokusanyika kwenye migahawa ya barabarani kama Ace Cafe ya London, iliyofunguliwa mwaka 1938. Walishusha usukani mpaka ukashikwa kwenye mabomba ya foku, yale yanayoshika gurudumu la mbele. Mwili ukalala mbele, na mtu aliyelala mbele huku miguu yake iko mbele hana kinachombeba ila mikono. Kwa hiyo miguu ikarudishwa nyuma ibebe sehemu ya mzigo. Sababu ilikuwa mizani ya mwili. Urembo ulikuja baadaye. Za mbele ni za pikipiki za Marekani ziitwazo machopa: miguu imenyooshwa, uzito wote uko kwenye kitako.

Za mbele sitazikalia muda mrefu. Mguu ulionyooshwa mbele hauwezi kukuinua kwenye siti, na barabara zetu zina matuta, mengine hayana hata alama. Kila tuta linapanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo. Mwenye kuzitaka kwa safari fupi za lami nzuri, ni hiari yake. Mimi singemfungia mteja bila kumwambia hilo.

Kosa la kawaida zaidi ni kuchanganya familia. Usukani wa chini na futiresti za kati: nusu saa tu, viganja vinakufa ganzi. Usukani wa juu na futiresti za nyuma: unakaa kama umepiga magoti huku mgongo umesimama wima, kiuno ndicho kinacholipa. Usukani na futiresti vinahama pamoja.

Sasa tupime. Pikipiki isimame kwa magurudumu yake, tairi zikiwa na upepo, siyo kwenye stendi ya kati, kwa sababu ikiwa stendini shoki hazijabeba mtu na vipimo vyote vinadanganya. Mtu mmoja ashike mbele. Dereva apande na viatu anavyoendeshea. Kama siti haijatengenezwa, wekeni ubao na sponji ya unene uleule utakaotumika, na muikalie mpaka ibonyee.

Dereva akishakaa kama atakavyoendesha, tafuteni mfupa wa nyonga, ule unaojitokeza pembeni mwa paja. Teremsheni timazi kutoka hapo na mpige chaki sakafuni na kwenye fremu. Huo ndio mstari wetu wa sifuri. Kwa mtu wa kimo cha sentimita 170 hadi 175, futiresti za kila siku zinakaa milimita 200 hadi 300 mbele ya mstari huo, na kama milimita 500 chini ya siti iliyobonyea. Kwa mkao wa kulala mbele, zinakuja milimita 50 hadi 150 mbele ya mstari, na milimita 430 hadi 460 chini ya siti. Zikivuka mstari kwenda nyuma yake, mwachieni mwenye uwanja wa mashindano.

Goti lenyewe lipimeni. Chukueni vipande viwili vya mbao vya sentimita 40, mvifunge ncha kwa bolti moja vifunguke kama mkasi, kimoja kilale juu ya mstari wa paja, kingine juu ya mstari wa mguu wa chini. Nyuzi 80 hadi 90 ni za mtu anayekwenda kazini kila siku. Nyuzi 70 ni za Jumapili. Ukishuka chini ya 65, dereva ataanza kunyoosha miguu kila taa nyekundu, na akikaa kwenye foleni utamwona anaiteremsha hewani kama mtoto kwenye bembea.

Halafu jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote. Dereva aweke vidole vyake juu ya usukani bila kuushika, kisha ainuke kwenye siti kwa miguu tu, sentimita tano. Akishindwa, akalazimika kuuvuta usukani, miguu iko mbele mno kwa mwili ulivyolala. Mtu anayening'inia kwenye usukani kila akikutana na shimo, anaugeuza usukani bila kukusudia.

Msichome chochote bado. Kateni bamba la plaiwudi la milimita 12, toboeni, mfunge kwenye fremu kwa vibanio, na mpigilie kipande cha mpini wa ufagio kiwe futiresti. Dereva akae dakika 20, siyo mbili. Dakika mbili kila mkao ni mzuri. Baadaye msogeze milimita 20 nyuma, dakika 20 nyingine. Pale ambapo hasogei wala hajipangi upya, ndipo penyewe. Andikeni vipimo viwili: umbali kutoka ekseli ya mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu la nyuma, kwenda mbele au nyuma, na kimo kutoka sakafuni. Kimo hicho tunakihitaji sasa hivi.

Pikipiki ikilala kwenye kona, ncha ya futiresti ni miongoni mwa vitu vya kwanza kugusa lami. Chukua kimo cha ncha hiyo kutoka chini, dereva akiwa amekaa, ukigawe kwa umbali wake kutoka katikati ya tairi. Tuseme kimo ni milimita 300 na umbali ni 330. Pembe yake ni nyuzi 42. Ni makadirio, na ni ya tahadhari kidogo, kwa sababu uduara wa tairi unakuongezea nyuzi moja au mbili. Lakini shoki zikibonyea ndani ya kona zinakunyang'anya hizo na zaidi. Ukiinua futiresti milimita 25 unapata nyuzi 44 na nusu. Ukiiacha palepale na kuifupisha milimita 30 tu, ncha inakuwa 300 kwa 300, nyuzi 45.

Hebu tazameni hapo. Mafundi wengi hukimbilia kuinua, na kila milimita ya kuinua inalipwa na goti. Kufupisha hakuligusi goti. Futiresti ya kiwandani mara nyingi ni ndefu kuliko kiatu kinavyohitaji. Milimita 85 hadi 90 za kukanyagia zinatosha. Chungulieni pia egzosi na stendi ya pembeni, maana mara nyingine hivyo ndivyo vinavyogusa kwanza, na hapo kuinua futiresti hakukupi kitu ila magoti mabaya.

Na futiresti ikunjike. Ikigusa lami ipande juu na kurudi nyuma. Ngumu isiyokunjika ikichimba lami inainua gurudumu la nyuma, na gurudumu lililoinuliwa ndani ya kona halirudi kwa upole. Sheria za mashindano za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, zinakubali futiresti isiyokunjika, ila ncha yake lazima iwe ya duara, nusu kipenyo kisichopungua milimita 8. Kwa barabarani, ikunjike. Springi yake iwe hai.

Nimewaletea bolti hii, ipitisheni mikononi. Ni M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, daraja la uimara 8.8, imekatika mwanzoni kabisa mwa nyuzi zake za kukazia, na ukiigeuza kwenye mwanga utaona nusu ya uso wa mkato ni laini kama kigae na nusu ni wa chembechembe. Ile laini ni ufa uliokuwa ukitembea kidogokidogo kwa wiki nyingi. Ile ya chembechembe ni siku ilipokatika.

Ilikatika kwa hesabu. Mtu wa kilo 90 akisimama kwa mguu mmoja anakanyaga kwa nyutoni 900 hivi. Akikanyaga milimita 80 kutoka kwenye bamba, anaipinda bolti kwa nyutoni-mita 72. Bolti ya M10 kwenye kina cha nyuzi ina kipenyo cha milimita 8 na kidogo, na mzigo huo unaizalishia mkazo unaozidi megapaskali 1,300. Daraja 8.8 linakatika kwenye 800. Hata 12.9, ile nyeusi mnayoiamini sana, ni 1,200. Na hapo mtu amesimama tu, hajakutana na tuta.

Basi mbona futiresti nyingine zinadumu miaka? Kwa sababu kwenye hizo bolti haipindwi. Futiresti yake ina bega pana, milimita 25 hadi 30, linalobanwa likakaa bapa kwenye bamba. Mguu ukikanyaga, ukingo wa bega unasukuma bamba kwa chini na bolti inavutwa tu, na bolti inapenda kuvutwa. Iliyokatika hii ilikuwa na washa tatu, zile pete bapa za chuma, katikati ili futiresti isogee nje ikwepe egzosi. Washa tatu! Ukihitaji kusogea nje, mpelekee fundi kereza akukerezee bushi moja ya chuma yenye kipenyo cha bega lilelile, nyuso zote mbili bapa. Kaza M10 ya 8.8 kwa nyutoni-mita 45 hivi, M8 kwa 22 hadi 25.

Bamba lenyewe: chuma cha milimita 6 au aluminiamu ya milimita 10. Lishikwe kwa bolti mbili angalau, maana moja peke yake inageuka kuwa ekseli na bamba linazunguka siku utakapokanyaga breki kwa nguvu. Bolti hizo ziachane. Futiresti ikikaa milimita 150 nyuma ya bolti, zikiwa zimeachana milimita 40 kila moja inabeba karibu nyutoni 3,400. Zikiachana 70, inashuka hadi 1,900. Msikate nyuzi za M8 ndani ya aluminiamu ya milimita 10 mkaziamini. Toboeni mpaka upande wa pili, mweke nati. Mkichomelea masikio kwenye fremu, bomba lake ni jembamba, kwa hiyo anzeni na kiraka cha milimita 3 kinachokumbatia bomba, sikio lije juu yake. Na chomoeni betri na CDI, kile kisanduku cha umeme wa plagi, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Njia ya mkato inayopendwa ni kutumia tundu za futiresti za abiria. Zikiwa kwenye fremu, na vipimo vya plaiwudi vikikubali, sawa. Ila baadhi ya pikipiki futiresti za abiria zimefungwa kwenye mkono wa nyuma, zinapanda na kushuka na gurudumu. Hapo msifunge za dereva hata kidogo. Na kama siti bado ni ya watu wawili, abiria naye ana miguu.

Tuje kwenye gia. Ukirudisha futiresti nyuma, leva ya kiwandani haifikiki. Wengine huichomoa kwenye shafti ya gia, wakaigeuza itazame nyuma, wakaona wamemaliza. Mpangilio wa gia umegeuka: uliyokuwa ukikanyaga chini sasa unaiinua juu. Kuna wanaozoea, lakini siku mtu mwingine akiiazima, atafunga gurudumu la nyuma akidhani anapandisha gia.

Njia sahihi ni leva mpya inayozunguka kwenye futiresti, mkono mfupi kwenye meno ya shafti, na rodi katikati. Ukitaka mpangilio usigeuke, mkono wa leva na mkono wa shafti vitazame upande mmoja, vyote juu au vyote chini. Kimoja juu kingine chini, umegeuza.

Uzito wa gia una hesabu yake. Zidisha urefu wa leva kutoka futiresti hadi kidole kwa urefu wa mkono wa shafti, kisha gawa kwa urefu wa mkono mdogo wa leva. Leva ya 120, mikono yote miwili 45: unapata 120, karibu na leva nyingi za kiwandani. Mkono wa shafti ukiwa 30 na wa leva 45, unapata 80. Gia itakuwa fupi na ngumu, kiatu kitatoboka juu ya kidole gumba. Rodi iwe na pembe mraba na mkono wa shafti leva ikiwa imetulia. Ikipotoka zaidi ya nyuzi 20, upande mmoja unakuwa laini na mwingine unagonga. Tumieni rodi endi za M6, zile ncha za rodi zenye kiungo kinachozunguka, moja ya nyuzi za kulia na nyingine ya kushoto, ili urekebishe kwa kuzungusha rodi bila kufungua kitu, na nati za kufungia pande zote mbili. Kumbukeni pia kwamba pikipiki nyingi za bodaboda zina leva ya vidole na kisigino. Kwenye mkao wa nyuma kisigino kinapoteza kazi, kwa hiyo juu ya kiatu pawe na nafasi ya kuinulia.

Breki ya nyuma inaumiza zaidi kwa sababu haionyeshi kosa lake mpaka abiria apande. Kwanza nguvu: pedali ya kiwandani ya milimita 200 yenye mkono wa 50 unaovuta rodi inakuza nguvu mara nne. Mkiifupisha hadi 120 na kuacha mkono wa 50, mmebaki na mara 2.4. Mkono ushuke hadi 30, mnarudi kwenye nne.

Pili, mahali rodi inapoanzia. Gurudumu likipanda, mkono wa nyuma unazunguka kwenye ekseli yake. Mwanzo wa rodi ukiwa jirani na ekseli hiyo, urefu haubadiliki. Ukining'inia milimita 80 chini yake, mkono wa nyuma ukipanda nyuzi 10 rodi inavutwa milimita 14. Breki nzima ya drumu hufanya kazi ndani ya mvuto wa rodi wa kiasi hichohicho! Abiria akikaa, breki inajikamata yenyewe. Drumu inachemka na mafuta yanaisha bila sababu inayoonekana. Ukiwa juu ya ekseli ni kinyume: inalegea pale unapoihitaji. Wekeni mwanzo wa rodi karibu na ekseli kadiri fremu inavyoruhusu, kisha fungueni shoki, muinue gurudumu kwa jeki kidogokidogo huku mkilizungusha kwa mkono. Likizunguka huru kutoka chini mpaka juu, mmefaulu. Ndipo mrekebishe ulegevu wa pedali, milimita 20 hadi 30 kwenye ncha, na mkono wa drumu uwe karibu na pembe mraba na rodi breki ikiwa imekamata.

Swichi ya taa ya breki ilikuwa ikivutwa na springi kutoka pedali ya zamani. Husahaulika karibu kila mara.

La mwisho ni kiki. Zungusheni kiki kwa mkono kutoka juu mpaka chini, futiresti ya kulia ikiwa mahali pake. Kwenye mkao wa nyuma mara nyingi zinakutana. Futiresti ikikunjika, mtu anaikunja kabla ya kupiga. Isipokunjika, na betri ikiisha asubuhi, atasukuma. Kabla ya kuliondoa bomba la zamani chini ya injini, tazameni kama stendi ya pembeni haikufungwa humo. Kilomita 100 za kwanza zikiisha, kazeni bolti zote tena na mzipigie alama ya rangi, ili ukiinama tu uone iliyosogea.

Plaiwudi na vibanio viko pale mezani. Aliyekuja na pikipiki yake leo ailete karibu, na asivue viatu.